Kabla Hujatundika, Soma: Kanga na Kitenge Ndani ya Nyumba

Pita korido yoyote ya hosteli wiki ya kwanza ya muhula. Mtu hajapata ndoo, godoro lenyewe la kuazima, lakini kanga imeshafungwa kuzunguka kitanda cha chini. Waliopanga mtaani nao, bumu likiingia tu, geto linapata pazia kabla ya meza. Wapo wanaotucheka, eti tunapenda mapambo kuliko masomo. Mimi nasema kwamba kwetu kitambaa cha maua hakikuingia ndani ya nyumba kama pambo. Kiliingia kama ukuta, kama mlango, kama dari, na kama barua kwa jirani. Ukizijua kazi hizo nne, kupamba chumba kunakuwa rahisi na hakumalizi hela. Usipozijua, utaharibu kitambaa kizuri kwa mkasi, au utagombana na watu bila hata kufungua mdomo.

Mifano yangu mingi natoa Mbuchi, nyumbani kwetu, kwenye delta ya Rufiji, wilaya ya Kibiti. Sikuchagua Mbuchi kwa sababu ni kwetu tu. Nimeichagua kwa sababu ni sehemu ambayo kitambaa kinafanya kazi hasa, na kwa sababu wengi wetu tunaosomea ualimu tutapangiwa sehemu za namna hiyo.

Ukuta usioshika msumari

Nyumba za asili za delta hujengwa kwa boriti za mikoko, fito na udongo, na juu yake makuti au bati. Ukuta wa udongo una faida yake, mchana wa jua kali ndani kunakuwa na nafuu. Lakini una tabia zake pia. Msumari haushiki, ukiugonga unatoka na bonge la udongo. Rangi ya dukani inabanduka. Madirisha ni madogo, kwa hiyo hata saa sita mchana chumba kina kiza. Makuti yakizeeka yanadondosha vumbi na vipande, na vyote vinaangukia kitandani.

Sasa angalia kitambaa kinavyojibu kila tatizo. Kanga kuukuu zilizoshonwa pamoja hufungwa chini ya paa, juu ya kitanda, zikawa dari ya kukinga vumbi. Zikiwa na rangi nyeupe nyingi, zinarudisha mwanga chini na chumba kinachangamka. Milango ya vyumba vya ndani mara nyingi haina ubao, pazia ndilo mlango. Na pale ambapo nyumba ina vyumba viwili na watu saba, kamba ikipita katikati na kanga zikatundikwa, chumba kimoja kinakuwa viwili.

Mimi sekondari nimesoma nyuma ya pazia la namna hiyo. Upande mmoja alilala bibi na wadogo zangu, upande wa pili mimi na binti wa mama mkubwa. Pazia halizuii sauti, kukohoa kwa bibi nilikusikia usiku kucha. Linachozuia ni macho. Msichana wa miaka 14 anahitaji mahali ambapo macho hayafiki: abadili nguo, ajihifadhi siku zake za mwezi, afungue daftari bila kutumwa dukani kila dakika. Na lilikuwa na sheria yake. Pazia likishushwa, hata mtoto mdogo anapiga hodi mbele ya kanga na kungoja aitikiwe. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mapazia ni anasa ya wanawake, huwa namuuliza kwanza alilelewa kwenye vyumba vingapi.

Kuna jambo la pili, nalo ni maji. Delta ni nchi ya maji. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyopiga Rufiji na Kibiti yalionyesha tena kitu ambacho wazee wanakijua zamani: godoro la sponji likilowa tope limekwisha, dari ya mbao laini inavimba na kuanguka, lakini kanga inafuliwa, inaanikwa, na jioni ipo kwenye kamba yake. Ni nyepesi, inakunjwa ikatosha kwenye ndoo, na inabebwa kichwani kuingia kwenye mtumbwi. Pambo la mahali penye maji lazima liwe la kuhamishika.

Kilifikaje ndani

Kabla ya kanga, vitambaa vya watu wa kawaida pwani vilikuwa merikani, yaani pamba nyeupe isiyo na rangi iliyoletwa na meli kutoka Marekani, na kaniki, ile nyeusi yenye kuelekea bluu. Nguo hizo zilikuwa pia nguo za watumwa. Kanga yenye maua ilianza karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za mraba (neno leso lenyewe limetokana na Kireno), wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaanza kuchapisha nguo nzima. Madoa ya zile za mwanzo, inasemekana, ndiyo yaliyoleta jina la ndege kanga.

Zanzibar, baada ya amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa, wanawake wengi walioachwa huru waliacha kaniki na merikani wakajifunga kanga. Maua yale yalikuwa yanatangaza kwamba aliyevaa ni mtu huru. Ndiyo maana sioni ajabu kwamba kitambaa hicho kilipochakaa hakikutupwa. Kilipanda ukutani na mlangoni.

Maandishi yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa hiyo hupewa zaidi duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, anayejulikana kwa jina la Abdulla. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa Ulaya, kisha Japani na India. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam kwa ushirikiano na China, na kanga ikawa kitu cha hapahapa.

Kitenge kina safari nyingine. Wadachi waliiga batiki ya Java kwa mashine (kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond ilianzishwa mwaka 1846), na soko kubwa likapatikana Afrika Magharibi, kisha kikasambaa hadi huku kwetu. Tofauti hii ya asili si hadithi tu, inaamua jinsi ya kukata, kama utakavyoona hapa chini.

Mji, pindo, jina

Kanga si kitambaa cha kukatwa kwa mita. Ni picha iliyokamilika, ina fremu yake. Kuna pindo, ule mpaka unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, sehemu ya katikati yenye ua kubwa au maua madogo. Na kuna jina, yaani yale maneno, yanayokaa sehemu ya chini ya mji juu kidogo ya pindo. Ukikata kanga ukashona foronya, unapata foronya yenye nusu ya ua na maneno yaliyokatika katikati. Kitenge ni kinyume chake: ua linajirudia kutoka mwanzo hadi mwisho, hakina mji wala jina, kwa hiyo unakata popote na hakuna kinachopotea.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: kanga itundike nzima, kitenge kikate. Mito ya kochi, foronya, kifuniko cha ndoo ya maji, kitambaa cha meza, hivyo vyote ni kazi ya kitenge. Pazia, shuka la juu, kigawanya chumba na picha ya ukutani ni kazi ya kanga.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela kwa fundi. Kanga moja ina upana wa kama sentimita 150 na kimo cha kama 110, na huuzwa mbilimbili, doti. Mlango wa kawaida una kimo cha mita 2 na upana wa sentimita 80 hivi. Ukitundika kanga moja kwa namna inavyosomeka, itafunika nusu ya juu tu. Ukiigeuza ubavu, itashuka sentimita 150, miguu na kuku watabaki wanaonekana, na jina litasomeka kwa kupinda shingo. Dawa yake ni kutoikata doti. Ziache kanga mbili kama zilivyo, moja juu moja chini, mwambie fundi azishone kwenye kimo. Unapata sentimita 220, ukitoa za kukunga na za kupitishia kamba mlango umetimia, na ule upana wa 150 kwenye uwazi wa 80 unakupa mikunjo mizuri bila kununua zaidi. Pindo za kanga mbili zikikutana katikati zinafanya mshipi mnene mlangoni, na jina la juu linakaa karibu na kifua cha mtu aliyesimama. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Dirisha la mita moja ni rahisi zaidi, kanga moja inatosha kwa kimo. Kitanda cha futi 4 kwa 6 ni sentimita 120 kwa 180: doti ileile iliyoungwa, 150 kwa 220, inakifunika na kuning'inia kama sentimita 15 kila upande. Kitanda cha 5 kwa 6 kitafunikwa juu tu, pembeni hakishuki. Hapo ongeza kipande cha kitenge cha rangi moja kuzunguka, kitambaa kitatosha na kitapata fremu nyingine.

Kabla ya kumpelekea fundi, fua. Kanga mpya ina wanga unaoifanya kuwa ngumu, na pamba ikiguswa na maji mara ya kwanza hurudi, yaani hupungua urefu. Ukishona kwanza ukafua baadaye, pazia lililofika chini leo litakuwa limepanda wiki ijayo. Loweka kila moja peke yake kwenye maji ya baridi, maana nyekundu na nyeusi hutoa rangi.

Kutundika nako kuna akili yake. Kwenye ukuta wa udongo usihangaike na msumari, tafuta boriti ilipo, funga kamba kutoka boriti hadi boriti, au pitisha mwanzi. Kwenye hosteli ambako misumari hairuhusiwi, funga kamba kwenye nguzo za kitanda. Kanga ni nyepesi, kamba ya kawaida inaibeba.

Kimoja kiseme, vingine visikilize

Kosa linaloonekana sana kwenye mageto ni kila kitu kuwa na maua: pazia maua, shuka maua, mto maua, zulia maua. Kila kimoja kinapiga kelele na chumba kidogo kinazidi kuwa kidogo. Bibi zetu hawakusoma upambaji popote, lakini angalia chumba cha bibi harusi pwani: kitandani kuna kanga yenye maua makubwa, chini mkeka wa ukindu wenye mistari michache ya rangi, ukutani hakuna kitu. Kitambaa kimoja kinasema, vingine vinasikiliza.

Ufanye hivi. Chagua kanga moja uipendayo, ihesabu rangi zake. Mara nyingi ni mbili au tatu. Chukua ile rangi iliyo kidogo kuliko zote na uirudie mara moja tu mahali pengine, labda kwenye foronya. Ua kubwa liweke penye eneo kubwa, kama kitandani au mlangoni. Ua dogo liende kwenye mto. Chumba chenye kiza kipe kanga ya mji mweupe au wa njano, maana kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe cha harusi, ni kizuri lakini kwenye chumba cha dirisha dogo kinameza mwanga. Na dirisha linalopigwa na jua la mchana usiliwekee kanga yako ya heshima. Jua litaila rangi, iweke ya zamani.

Jina mlangoni ni salamu

Sasa turudi kwenye yale maneno yaliyokaa usawa wa kifua. Mtu anayepiga hodi anasimama mbele yake na hana pengine pa kuangalia. Anasoma. Na akisoma, anajiuliza: hili ananiambia mimi?

Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni aliyepangwa shule ya delta, mtu wa bara, mpole kabisa. Alinunua doti njiani kwa sababu ya rangi, akaitundika mlango wa mbele. Jina lake lilikuwa Hasidi hana sababu. Kwa yeye yalikuwa maua ya bluu. Kwa jirani aliyekuwa na mpango wa kumletea samaki siku ya kwanza, yalikuwa maneno. Huyu naye akamwambia mwenzake. Wiki mbili zikapita watu wanamsalimia kwa mbali, mama wa nyumba ya pili haji hata kuomba moto, na mwalimu akaanza kusema kwamba watu wa huku wana roho mbaya na kwamba ataomba uhamisho.

Hakuna aliyemwambia moja kwa moja, maana kwetu jambo la kanga hujibiwa kwa kanga. Bibi yangu alikwenda na doti nyingine mkononi. "Mwalimu," akamwambia, "pazia lako zuri, litaliwa na jua hapo nje. Liweke chumbani, hapa tundika hili." La pili liliandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Yule mwalimu akashukuru, akatundika, na nadhani mpaka leo hajui kilichobadilika. Jirani alijua. Samaki walikuja.

Nimelisimulia hili kwa sababu tunafundishwa kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, zana, yote hayo. Lakini mwalimu anayekwenda kukaa na watu anasomwa na watu kabla hajafundisha kitu. Jina la pazia lake wanalisoma kabla ya ubao wake. Hata kanga na vitenge vya kampeni za uchaguzi, tunavyogawiwa bure na kuvigeuza mapazia kwa kuwa ni bure, vina jina lake. Kwenye korido ya watu ishirini, mmoja ataliona pazia na wengine wataona chama.

Kwa hiyo kanuni ya pili: majina ya mafumbo, ya wivu, ya wapenzi na ya kujibizana yakae chumbani, au kanga igeuzwe upande wa ndani. Milango ya mbele na sehemu za wageni zipewe majina ya heri, ya kukaribisha au ya kushukuru. Usipoelewa maana ya jina, usiulize muuzaji peke yake. Uliza mama mtu mzima wa pwani, atacheka kwanza, kisha atakueleza.

Moto, mbu na ukungu

Upambaji wa kitambaa una hatari zake. Pamba inashika moto haraka. Kibatari, mshumaa na jiko la koili la hosteli vikae mbali na pazia, na wala si chini ya dari ya kanga. Ukisoma usiku nyuma ya pazia, tumia taa ya sola au ya kuchaji. Mimi nilisoma kwa kibatari kwa sababu hakukuwa na kingine, na bibi alikuwa halali mpaka nizime.

Mbu hupenda kujificha kwenye mikunjo yenye kiza. Pazia si chandarua na haliwezi kuwa chandarua. Kung'uta mapazia jioni, na chandarua kishuke ndani yake kama kawaida. Mwisho, hewa ya delta na ya pwani ina unyevu, kitambaa kilichobanwa ukutani kinapata ukungu mweusi kwa nyuma. Kiache kipumue, usikigandishe, na kila baada ya wiki mbili tatu kianike.

Ukipangiwa kituo cha kazi, orodha ya kubeba itakuwa ndefu. Niongeze vitu vinne visivyo na uzito: doti mbili zilizofuliwa, mita kumi za kamba, sindano na uzi, na kipande cha kitenge cha kukata. Nyumba ya mwalimu huenda ukaikuta haina dari, haina mlango wa ndani, ukuta umechubuka. Siku ya kwanza huwezi kuijenga. Unaweza kufunga kamba kabla ya magharibi ukatundika mahali pa kulala na mahali pa kupokea mgeni. Asubuhi watapiga hodi. Watakuwa wameshasoma, hakikisha walichosoma ndicho ulichotaka kusema.